Kivuli Kidogo Kama Punje ya Mchele

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulaza mawe. Nilikuwa nanakili picha ya daraja la kale lenye matao mawili, picha iliyochapwa Ulaya zamani sana, na kila jiwe la tao nililichora limelala, moja juu ya jingine, kozi kwa kozi, kama tunavyolaza matofali ya kuchoma hapa Songea. Sikujua kama nimekosea. Kwa wiki tatu macho yangu yalitazama daraja la watu wengine na mkono wangu ukachora ukuta wa nyumba yetu ya mtaa wa Lizaboni.

Picha ile aliileta baba siku aliyopunguzwa kazini. Alikuwa tarishi katika ofisi moja hapa mjini tangu kabla sijazaliwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni na betri, mitumba ilikuwa inamwagwa chini sokoni kila Jumamosi, na ofisi nazo zikaanza kutoa watu. Baba alirudi mchana akisukuma baiskeli, hakuipanda. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga furushi la karatasi kubwa zilizoviringishwa. Ofisini walikuwa wanasafisha stoo na karatasi zile zilikuwa zichomwe moto. Alizichukua kwa sababu zilikuwa ngumu. Alidhani zingefaa kuziba dari.

Nyingi zilikuwa ramani za barabara zilizoliwa na mchwa. Ndani kabisa ndipo nikalikuta daraja.

Ningependa kusema kwamba nililipenda. Ukweli ni kwamba liliniogopesha. Lilikuwa daraja lililochakaa, majani yameota kwenye nyufa, na chini ya tao la kushoto alisimama mtu mdogo mwenye fimbo, hafiki hata urefu wa kucha. Nilipoisogeza picha karibu na dirisha niliona kwamba haina rangi ya kijivu mahali popote. Giza lote lilikuwa mistari. Pale palipokuwa na kivuli chepesi mistari ilikwenda upande mmoja. Kivuli kilipokuwa kizito mistari mingine iliipita juu, kisha mingine tena, ikasukana kama mkeka. Sikuelewa mtu anawezaje kupiga mistari elfu na elfu bila kukosea hata mmoja. Mimi shuleni nilikuwa nikifuta neno moja kwenye daftari, nachana ukurasa na kuandika upya wote. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia daftari langu ni safi kuliko yote darasani na ndilo lenye kurasa chache kuliko yote. Darasa zima lilicheka. Mimi nilikumbuka neno "safi" tu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa yale ambayo nyumbani hayatajwi mbele ya wageni. Nilikuwa naamka, nalima na baba upande wa Matogoro, narudi, nachora. Hakuna aliyenifundisha. Nilichora kuku, sufuria, mikono yangu mwenyewe. Sikumaliza picha hata moja, kwa sababu picha ikiisha ndipo mtu anaweza kukuambia ni mbaya.

Wiki chache baadaye alikuja mzee mmoja kumpa baba pole. Alikuwa mchora ramani ambaye baba alikuwa akimpelekea majalada, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alimkaribisha chai. Mzee aliliona daraja limebandikwa ukutani, akasimama na kikombe chake mkononi.

"Hii imekwaruzwa kwenye bamba la shaba," alisema. "Mtu anakwaruza kwa sindano, kisha dawa kali inakula pale alipokwaruza. Wino unaingia mle, karatasi inagandamizwa juu. Akikosea, ndiyo imeshakula. Hakuna raba."

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Raba ya shaba umeiona wapi, kijana?"

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya baiskeli.

Mama, ambaye hapotezi nafasi, akamwambia mzee kwamba mimi nachora. Akaenda kutoa michoro yangu chini ya godoro bila kuniuliza. Mzee aliigeuza yote, kuku nusu, sufuria nusu, mkono wenye vidole vitatu.

"Hawa kuku wako wote walikimbia kabla hujamaliza?"

Akaendelea, sasa akimwambia baba zaidi kuliko mimi. Ofisini kwake pamoja na kupunguza kote kule walikuwa wameruhusiwa kuchukua kijana mmoja wa kujifunza uchoraji wa ramani. Mmoja tu. Hakutaka vyeti, kwa sababu wenye vyeti walikuwa wanakwenda Dar es Salaam. Alitaka jicho.

"Niletee kazi moja ya mkono kabla ofisi hazijafungwa kwa Pasaka. Usiniletee ya rula, rula kila mtu anayo. Lete hata daraja hili hili. Inshallah tutaona."

Mzee alipoondoka mama alisema, "Mungu hajatusahau." Nilitamani asingesema. Kuanzia hapo daraja halikuwa langu tena. Nafasi moja ya kazi kwa nyumba ambayo haikuwa na mtu mwenye kazi, basi, jambo lote lilikuwa hilo, na kila mtu nyumbani alilijua.

Nilinunua manila nyeupe na kalamu ya wino mweusi. Nilianza kona ya juu kushoto, kama mtu anayeandika barua, nikateremka jiwe kwa jiwe. Kila jiwe nililipa mistari yake. Kwa kuwa sikuwa nimepima kitu chochote, nilipofika chini tao la kulia lilikosa nafasi, nikalibana. Nikaiweka kando, nikaanza manila ya pili, kisha ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoamini kwamba ni nzuri. Niliipeleka kwa fundi, pamoja na picha ya asili.

Fundi alikuwa jirani yetu, mjenzi aliyejifunza kazi kwa mabruda wa monasteri ya Hanga. Siku hizo alikuwa anachoma matofali bondeni nyuma ya nyumba zetu. Nilimkuta na vibarua wake wakipanga tanuri.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele amina. Umeleta nini, ramani ya hazina?"

Aliifungua, akaifikisha usawa wa macho, mikono yake ikiacha alama za udongo pembeni. Nilizitazama zile alama na moyo ukaniuma.

"Hili daraja liko wapi?"

"Ulaya. La zamani."

"Waliopita juu yake wako wapi sasa?"

"Wamekufa, fundi."

"Ndiyo maana."

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akaomba aione, akaulizwa na mwenzake kama ana bima ya kuitazama. Nilicheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu. Fundi alisubiri wanyamaze, akaniomba nifungue na picha ya asili, akaweka kidole chenye udongo hewani juu ya tao, safari hii bila kuligusa.

"Jiwe hili limelala?"

Nilitazama. Nilikuwa nimelitazama mara mia. "Limesimama."

"Na hili la pembeni?"

"Limeinama."

"Na lako?"

Langu lilikuwa limelala. Yote yalikuwa yamelala, kwa sababu sijawahi kuona tofali linalofanya kitu kingine. Hapa kwetu juu ya mlango unaweka linta, ubao au zege, kisha unaendelea kulaza. Nilikuwa nimechora tao ambalo lisingesimama hata kwa dakika moja, na nililichora kwa mistari mizuri sana.

Fundi hakunihubiria. Alilaza pipa tupu la lami chini, akapanga matofali mabichi juu ya mgongo wake, yamesimama, yakifuata mviringo, udongo kidogo katikati, kutoka pande zote mbili kwenda juu. La mwisho alilipiga kwa kiganja mpaka likaingia. Tukanywa maji. Udongo ulipokaza kidogo, siku iliyofuata, akaniita tena, akalivuta pipa taratibu likatoka. Matofali yakabaki hewani.

"Kila moja linataka kuanguka," alisema, "na mwenzake hampi nafasi. Limeenda kombo kidogo, unaona pale? Lakini panda."

Nilipanda. Lilisimama.

Ningekuwa mtu mwingine ningerudi nyumbani nimebeba yale maneno, panda, lilisimama. Mimi nilibeba "kombo kidogo". Nilijiambia fundi anakubali kombo kwa sababu ni mtu wa matofali, na mimi sitakuwa hivyo. Sikurekebisha manila ya tatu. Ningeweza kuchora tao upya kwenye kipande na kulibandika. Nilianza ya nne.

Sasa nilipima. Nilianza na matao mawili, nikaweka mawe yaliyosimama, kisha ukuta, kisha majani. Hiyo ya nne niliiharibu kwa tone la wino. Ya tano tao la kushoto lilinenepa kuliko la kulia. Ya sita sikumbuki ilikuwa na nini. Nadhani haikuwa na kitu. Mama alizichukua zote. Akatandika mbili kwenye kabati la vyombo, moja akafunikia ndoo ya maji ya kunywa, hivyo kila nilipotaka kunywa nililazimika kwanza kuliinua daraja.

"Hii mbona nzuri tu?" alikuwa akiniuliza.

"Mama, huoni?"

"Sioni. Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Alivumilia, akatazama mahali nilipoweka kidole, akasema tena haoni. Nilimkasirikia. Nilidhani hajui. Leo najua alikuwa anasema kitu alichokiona kwa macho yake, na mimi nilikuwa nasema kitu ninachokiogopa.

Ya saba niliimaliza Jumatano ya Juma Kuu. Ofisi zilikuwa zinafungwa kesho yake mchana. Alhamisi asubuhi mama alinipigia pasi shati, akaiviringisha manila kwenye gazeti na kuifunga kwa uzi wa kofia aliyokuwa anafuma. Baba alinipa baiskeli. Hakuwa mtu wa kumpa mtu baiskeli yake.

Nilifika getini saa tatu. Mlinzi aliniuliza namtaka nani, nikamtaja mzee kwa kazi yake, akasema yupo, pita. Ilikuwa hatua kama arobaini kufika mlangoni. Nilimwambia mlinzi nakuja, nikarudi nje, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, nikafungua uzi. Nilitaka kuitazama mara moja tu.

Katika picha ya asili jua linatoka kushoto. Kila kivuli kinaangukia kulia: cha nguzo, cha majani, cha jiwe lililodondoka majini. Yule mtu mdogo mwenye fimbo nilimchora mwisho, usiku wa jana yake, nimechoka, na kivuli chake nilikiangushia kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Mzee mwenye miwani ya uzi asingekiona. Hata angekiona, angecheka na kuuliza kama mtu yule ana jua lake.

Mfukoni nilikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Nilijua wino unaweza kukwanguliwa ukienda taratibu. Nilikwangua. Kivuli kikafifia, nikafurahi, nikaendelea kidogo ili kiishe kabisa, na karatasi ikatoboka. Tundu lilikuwa pale pale kwenye miguu ya mtu mdogo, na kupitia humo niliona suruali yangu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mlinzi alinipigia kelele, "Kijana, huingii? Watafunga hawa!" Nikamwambia naingia. Nikapanda baiskeli nikaenda mpaka viwanja vya makumbusho, nikakaa kwenye nyasi nyuma ya ukuta mpaka nilipojua ofisi zimefungwa. Mvua ya masika ilipita na kuondoka. Sikuinuka. Ile manila niliilaza chini ya tumbo langu isilowe. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba nilikuwa bado nailinda.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Akasemaje?"

"Amesema atajibu."

Manila niliificha darini, kati ya zile ramani zilizoliwa na mchwa. Baba alikuwa bado hajazizibia dari kama alivyokusudia.

Uongo wa siku moja ningeweza kuubeba. Lakini kwetu jumuiya ndogondogo husali kila wiki nyumba kwa nyumba, na baada ya somo kila mtu hutoa nia yake kwa sauti. Wiki ya kwanza baada ya Pasaka tulisali kwa mama mmoja jirani. Watu walikaa kwenye mikeka, magoti yamebanana. Mmoja aliombea mgonjwa, mwingine mahindi yake yaliyoliwa na viwavi. Kisha nikasikia sauti ya mama.

"Namwombea kijana wangu. Amefanya kazi yake kwa uaminifu, ameshaipeleka, anangoja jibu. Ee Mungu, umfungulie mlango. Ee Bwana."

"Utusikilize," wakaitikia wote.

Nami niliitikia. Sauti yangu ilitoka sawa na za wenzangu. Wiki iliyofuata aliomba vile vile, na iliyofuata. Fundi alikuwa anasali nasi. Mara ya tatu, tukitoka nje, alinipiga begani: "Mawe umeyasimamisha lakini?" Nikamwambia nimeyasimamisha. Huo ulikuwa ukweli, na niliushikilia kana kwamba ungeweza kuufunika uongo mwingine wote.

Kila siku nilipanga kwenda. Nilijiambia nitachora ya nane, safi, niipeleke na kuomba radhi kwa kuchelewa. Nilichora matao, yakawa mazuri. Nilipofika kwa mtu mdogo mkono ukakataa. Niliweza kukaa asubuhi nzima kalamu ikiwa juu ya karatasi, haigusi. Nilikonda. Mama alidhani ni wasiwasi wa kungoja jibu, akanichemshia uji wa ulezi.

Mwisho yeye ndiye aliyekwenda. Hakuniaga. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua mayai kwenye kikapu, kwa kuwa hakutaka kumwendea mzee mikono mitupu, akatembea mpaka mjini. Nilimwona akirudi mchana, mayai yakiwa bado kikapuni. Nilijua kabla hajafika.

Aliketi kwenye kigoda. Akavua viatu.

"Mzee anakusalimu," alisema.

Akakisogeza kikapu pembeni.

"Anasema alikungoja. Ofisi ilipofungwa alibaki nusu saa zaidi, akamwambia mlinzi usifunge geti. Mlinzi akamwambia kijana alikuja akaondoka."

"Mama—"

"Ngoja. Anasema wamemchukua kijana mmoja wa mtaa wa Bombambili. Alileta picha ya baiskeli. Mzee mwenyewe alinionyesha. Gurudumu la nyuma limekaa kama yai." Alinyoosha mkono akachora hewani kitu kirefu. "Kama yai, mwanangu. Nikamuuliza, hii ndiyo mliyoichukua? Akasema, mama, hii ndiyo iliyoletwa."

Nilipanda darini nikaishusha manila ya saba. Nilitaka aone kwamba niliimaliza kweli, kwamba sikuwa mvivu. Niliifungua mbele yake nikamwonyesha tundu. Aliliangalia muda mrefu, kisha akajaribu kupitisha kidole chake cha mwisho ndani yake. Kidole hakikuenea.

"Ndiyo hili?" akauliza.

"Ndiyo hilo."

Hakunigombeza. Alikwenda kuosha vyombo. Alhamisi ya wiki hiyo kwenye jumuiya nilikaa nyuma, karibu na mlango. Zamu ya mama ilipofika hakunitaja. Aliombea mvua, nasi tukaitikia.

Baada ya siku mbili baba alichukua ramani zake akapanda kuziba dari. Alipomaliza alibakiwa na nafasi moja juu ya kitanda changu, akaniuliza kama anaweza kutumia ile yenye tundu. Nikamwambia atumie. Mpaka leo nikilala naliona daraja, matao mawili, mawe yote yamesimama kama yanavyotakiwa, na mahali palipokuwa na kivuli panaonekana giza la juu ya dari. Picha ya asili mchwa waliila mwaka uliofuata.

Fundi alinichukua kwenye ujenzi. Nambebea matofali, na tukiwa na mlango wa tao, ambao ni nadra, mimi ndiye ninayemchorea kwa mkaa ukutani kabla hajaanza. Nachora haraka, kwa kuwa zege halingoji. Mara nyingi tao linaenda kombo. Ananiambia sawa, na mimi usiku nalifikiria.

Kilichobadilika tangu siku zile ni hiki: naanza na tao kabla ya jiwe, wembe siuweki tena mfukoni, na kazi yenye kosa naitoa ikiwa na kosa lake. Woga haujaondoka. Mama bado anasali kila wiki, lakini hajawahi tena kulitaja jambo langu kwa sauti.